Msaada: NASCAR Dirt to Daytona ya PS2, nimekwama kwenye mbio za vumbi, hela yote inaishia kwenye matengenezo

genge_la_sabasaba:

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kucheza NASCAR: Dirt to Daytona ya PS2, ile gemu ya mwaka 2002 ya mbio za magari za Marekani, unaanza kwenye viwanja vya vumbi unapanda daraja kwa daraja. Najua wengi humu ni watu wa mpira na GTA ila sidhani kama nitakosa hata mmoja.

Iko hivi. Kaka yangu alikuwa na kibanda cha gemu huku Nkuhungu, Dodoma, PS2 tatu na TV za chogo, mechi moja mia mbili. Wateja wote walikuwa wanataka mpira, ila yeye akishafunga mlango saa nne usiku alikuwa anaweka hii CD anacheza peke yake, mi nakaa juu ya ndoo pembeni namwangalia mpaka mama aje kunifuata. Alianza kwenye vumbi kabisa, akapanda kwenye yale magari ya Modified yenye matairi yanayotokeza nje, akafika kwenye mapikapu, halafu kibanda kikafungwa akaenda kujifunza semi. Sa hivi anapiga ruti ya Dar mpaka Rusumo, Dodoma anapita tu usiku, hata chai hanywi.

PS2 moja ilibaki kwenye sanduku uvunguni. Nimeitoa mwezi uliopita nikaifuta vumbi, ikawaka, CD ikasoma, na sevu ya kaka bado ipo kwenye memori kadi. Sijaigusa hata kidogo. Nimeanzisha yangu pembeni yake. Pasaka kaombewa ruhusa ya siku mbili nyumbani na mi nataka akifika anikute nipo kwenye mapikapu, pale pale alipoishia yeye. Zimebaki wiki tatu.

Sasa shida yangu ni moja. Kila usiku nikishafunga genge nacheza mbio mbili tatu, naanza vizuri, mzunguko wa nne wa tano nikiingia kona gari inazunguka inageukia nilikotoka, wenzangu wa nyuma wananivaa, naenda ukutani. Namaliza wa 11, wa 14, na zawadi yenyewe haitoshi hata kunyoosha bodi. Ile hela niliyokuwa natunza ninunue injini nzuri imeenda yote kwenye matengenezo. Jana nimeingia kwenye mbio gari likiwa bovu kwa sababu sikuwa na hela ya kulitengeneza lote, nikazidi kuharibu. Nimejaribu kukanyaga breki mapema, ndo nageuka vibaya zaidi.

Naomba kujua: nakosea wapi kwenye kona, na hela kidogo niliyonayo ninunue nini kwanza? Natanguliza shukrani.

vumbi_la_kondoa:

Dada yangu umenikumbusha mbali sana. Mi si mtu wa gemu kivile, nacheza na wanangu tu, lakini nimeendesha pikapu Dodoma Kondoa miaka mingi kabla ile barabara haijawekwa lami na hiyo gemu wanangu waliipata nikaijaribu, nikakuta waliotengeneza walikaa kweli kwenye gari la vumbi. Kwa hiyo nakwambia kitu ninachokijua kwa miguu yangu.

Kwenye vumbi gari halikati kona kwa stelingi, linakata kwa mkia. Kosa lako ni breki. Ukikanyaga breki huku umeshakata stelingi, uzito wote unaruka mbele kwa mpigo, nyuma panabaki pepesi, mkia unakupita. Hapo hata ungekuwa dereva wa miaka 30 unageuka tu.

Fanya hivi. Ukiwa bado umenyooka, kabla kona haijaanza, achia mafuta. Usiguse breki, achia tu. Gari litainama mbele lenyewe kidogo na pua itauma udongo. Ndo unakata kushoto. Mkia utaanza kutoka kwenda kulia, usiogope, hapo ndo panapotakiwa, sasa rudisha stelingi kulia kidogo kuufuata mkia na urudishe mafuta kidogo kidogo kama unammiminia mgeni kahawa kwenye kile kikombe kidogo, usimwage. Ukisikia mkia unazidi, punguza kumimina, ila usiachie mafuta yote ghafla, ukiachia yote mkia unarudi kwa nguvu upande wa pili na unakwenda ukutani kwa pua. Mi niliwahi kulala nalo mtaroni maeneo ya Haneti kwa kosa hilo hilo, nilikuwa na magunia ya ulezi nyuma, nilishtuka nikaachia mafuta yote.

Halafu usishindane nao kona ya kwanza. Waache wagongane. Pita kwenye nafasi watakazoacha.

Fundi_Pedi_Majengo:

Kabla hujafanya chochote, hiyo sevu ya kaka yako iko kwenye kadi moja na yako? Simama hapo hapo. Kadi ya miaka yote hiyo, umeme wetu huu, siku ukikatika wakati gemu inaandika unapoteza zako na za kaka. Nenda katafute kadi nyingine, chomeka slot 2, washa PS2 bila CD, ingia Browser, chagua sevu yake, kopi kwenda kadi ya pili, itoe uifungie kabatini. Dakika tano. Fanya leo, usingoje kesho.

La pili, mzee wa Kondoa hapo juu kasema umimine mafuta kidogo kidogo, sawa kabisa, ila pedi yako inaweza? Watu wengi hawajui kwamba vile vitufe vya pedi halisi ya PS2, ile DualShock 2, vinapima nguvu ya kidole. Ukibonyeza X kidogo inaenda kidogo, ukibonyeza sana inaenda yote. Pedi feki nyingi hazina hicho kitu, X yake ni kuwasha na kuzima tu, yaani kila ukigusa umekanyaga mafuta mpaka mwisho. Na pedi halisi ikizeeka nayo inakuwa hivyo hivyo.

Jipime hivi: simamisha gari, bonyeza X kwa wepesi sana uangalie mshale wa injini. Ukikaa katikati pedi ni nzima. Ukiruka moja kwa moja juu, umepata mchawi wako. Fungua skrubu za nyuma taratibu, ndani utakuta karatasi laini ya plastiki yenye michoro myeusi na juu yake raba zenye vidoti vyeusi, chukua pamba na spiriti kidogo ufute vyote viwili, acha vikauke kabisa ndo ufunge. Usitumie petroli, kuna mtu aliniletea pedi imeyeyuka. Kama ni feki hakuna cha kufuta, angalia kwenye menyu ya kontroli kama inakuruhusu kuhamishia mafuta kwenye stiki ya kulia, ile inapima yenyewe.

Na vumbi la huku Dodoma linakaa sana kwenye lensi. CD ikianza kugoma usipulize kwa mdomo, unaweka mate. Pamba kavu, duara moja jepesi, basi.

genge_la_sabasaba:

Nimesoma yote mara mbili. Fundi umenitoa jasho, nimefunga genge saa kumi na moja leo nikaenda kutafuta kadi, nimepata iliyotumika kwa elfu tano, nimekopi na kuifungia. Na mshale unaruka juu kabisa hata nikigusa kwa ukucha. Pedi ni ya kaka ile ile, ina herufi zimefutika zote, nadhani ni halisi. Kesho nafungua.

Mzee wa Kondoa asante sana baba. Nimejaribu kuachia bila breki leo hii hii na pedi mbovu hivyo hivyo, nimemaliza wa 9.

dogo_wa_singida:

Mnajitesa bure wakuu. Tafuta NASCAR 2005: Chase for the Cup ya EA, hiyo ndo yenye kariya tamu, kuna Fight to the Top unaanza na mbio za mtaani unakutana na dereva wa kweli Ryan Newman, unapewa mkataba kwenye Modified, unapanda mapikapu, mpaka Nextel Cup, daraja la juu kabisa, mashabiki wanakupenda au wanakuchukia kulingana na unavyowagonga watu. Na unaipiga kwenye simu siku hizi kwa emuleta, ile programu ya kuchezea gemu za PS2, hakuna habari ya lensi wala kadi kuungua. Hiyo ya vumbi ni ya zamani na picha zake mbaya.

oval_mpaka_mwisho:

Dogo, NASCAR 2005 ni gemu nzuri sana na mi nimeimaliza, sina ubishi. Lakini soma alichoandika mleta uzi. Anataka sevu ikae pembeni ya sevu ya kaka yake. Simu haimpi hicho.

Na tofauti ya hizi mbili ni kubwa kuliko picha. Ile ya EA unaanza kwa mkataba, gari ni la tajiri. Hii ya vumbi, iliyotengenezwa na Monster Games, gari ni lako, na ndo maana dada anaumia hivi, ukiliparua ni mfuko wako. Mi hiki ndo nakipenda kuliko kitu chochote kwenye gemu za mbio za miaka ile, kwamba mtu aliyemaliza wa 6 na gari zima anaweza kuwa na usiku mzuri kuliko aliyemaliza wa 3 na boneti limekunjwa.

Sasa swali lako la pili dada, ununue nini kwanza. Usinunue injini. Nakuomba. Injini yenye nguvu kwenye mikono ambayo bado inazunguka kwenye kona inakupeleka ukutani na spidi kubwa zaidi. Kwanza weka pembeni hela ya matengenezo ya mbio mbili, usiiguse. Inayobaki peleka kwenye vitu vya kushika njia. Injini iwe ya mwisho.

Halafu kabla ya mbio kaa kwenye mazoezi ucheze na seti ya gari, bure, haikuli hela. Hizi gari zinakata kushoto tu, kwa hiyo mafundi wanaweka tairi za kulia mzingo wake mkubwa kidogo kuliko za kushoto, gari linataka kwenda kushoto lenyewe hata ukiachia stelingi. Ukizidisha tofauti hiyo mkia unakuwa mwepesi. Kingine ni wedge, yaani uzito unavyogawanywa kwa kukaza springi za nyuma. Ukiongeza wedge mkia unatulia ila pua inakuwa nzito kukata, ukipunguza pua inakata ila mkia unakimbia. Wewe mkia unakukimbia, basi ongeza wedge kidogo, zunguka mara tano, sikiliza. Kitu kimoja kwa wakati mmoja tu! Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia.

Na usiwaze kushinda kila mbio. Mwaka 2003 Matt Kenseth alichukua ubingwa wa kweli kabisa wa Winston Cup, jina la zamani la hiyo Nextel Cup, akiwa ameshinda mbio 1 tu kati ya 36. Moja! Alikuwa anamaliza tu, wa 5, wa 7, wa 4, wiki mpaka wiki, wenzake wanashinda leo kesho wanaungua injini. Mwaka uliofuata wakabadilisha utaratibu wa pointi kabisa, wakaleta ile Chase, mbio 26 kwanza halafu kumi za mwisho zinaamua. Dada we cheza kama Kenseth.

vumbi_la_kondoa:

Huyu Kenseth namheshimu bila kumjua.

Hivi mkuu oval, kwa nini Wamarekani walianza na vumbi? Wanangu huwa wananiuliza nchi tajiri ile barabara za udongo za nini.

oval_mpaka_mwisho:

Mzee umegusa pale ninapopapenda. Huu mchezo mizizi yake ni gongo. Kule milima ya kusini ya Marekani watu walikuwa wanapika pombe kali vichakani kukwepa kodi, na vijana wanaosafirisha usiku walikuwa wanachukua gari la kawaida kwa nje, ndani injini imefanyiwa kazi na springi za nyuma zimekazwa ili gari likijaa madumu lisikae chini polisi wakagundua. Wakiwa hawana mzigo wanashindana wao kwa wao kwenye mashamba, kwenye viwanja vya vumbi. Junior Johnson, mmoja wa madereva wakubwa kabisa wa NASCAR, alifungwa kwa kesi ya mtambo wa gongo wa baba yake mwaka 1956.

NASCAR yenyewe aliianzisha Bill France huko Daytona Beach mwaka 1948, na mbio yao ya kwanza kabisa ilikuwa ya Modified, Red Byron akashinda. Kwa hiyo hayo magari ya matairi nje yanayokusubiri kwenye gemu dada ndo daraja kongwe kuliko yote. Mwaka uliofuata, Juni 1949, wakafanya mbio ya kwanza ya magari ya kawaida pale Charlotte, uwanja wa vumbi. Glenn Dunaway akawa wa kwanza kumaliza. Wakakagua gari lake, Ford, wakakuta springi za nyuma zimechezewa kwa ajili ya kubeba pombe. Wakamnyang'anya, ushindi akapewa Jim Roper. Yaani mbio ya kwanza ya hilo daraja inaamuliwa na springi za gongo, na wewe dada leo Nkuhungu unakaza springi kwenye menyu ya PS2, ni kitu kile kile.

Daraja la juu waliendelea kukimbia vumbi mpaka Septemba 1970, ya mwisho ilikuwa Raleigh akashinda Richard Petty. Baada ya hapo hawakugusa vumbi miaka 50 mpaka 2021 walipomwaga udongo uwanja wa Bristol. Ila madereva waliendelea kutoka kwenye vumbi. Tony Stewart bingwa wa 2002, mwaka huo huo wa gemu yako, ni mtoto wa vumbi, baadaye alinunua kabisa uwanja wa Eldora wa Ohio. Na mapikapu yaliletwa kwenye udongo hapo hapo Eldora mwaka 2013.

genge_la_sabasaba:

Wakuu nimerudi na majibu, zimepita siku tisa.

Pedi nilifungua juu ya meza ya nyanya, ile karatasi ya ndani ilikuwa na vumbi jekundu kabisa pembeni, la Nkuhungu hili hili, limelala humo tangu kibanda kiko wazi. Nimefuta kwa spiriti, nimefunga, mshale sasa unapanda kidogo kidogo. Nilibaki naucheza tu, napandisha nashusha, dakika kumi nzima sijaingia hata kwenye mbio.

Siku ya kwanza wa 8, ukuta sijagusa. Nimeongeza wedge kama oval alivyosema, nilikuwa naongeza sana gari likagoma kukata nikarudisha nusu. Siku ya tatu wa 4 na bili ya matengenezo ilikuwa ndogo mpaka nilidhani TV imekosea. Nimeanza kuisikia ile hali mzee wa Kondoa anayosema, mkia ukitoka unausikia kabla hujauona, na kidole kinapunguza chenyewe. Injini nimeigusa mwisho kabisa. Juzi nimeingia Modified. Zile gari kwenye lami ni kali mno, nimeanza tena chini lakini sina hofu ile.

Fundi_Pedi_Majengo:

Hongera sana. Vumbi jekundu ndani ya pedi nimelitoa mara nyingi mno, ukiniambia mtaa naweza kukwambia rangi. Hiyo pedi itunze, siku hizi halisi kupata ni kazi.

dogo_wa_singida:

Nimeipakua jana hiyo Dirt to Daytona. Nimezunguka kona ya kwanza mara sita. Mzee wa Kondoa nitakutafuta.

genge_la_sabasaba:

Wakuu ngoja niwamalizie. Kaka hakusubiri Pasaka, mzigo wake ulichelewa mpakani, wakati wa kurudi akapaki Nala saa mbili usiku akachukua bodaboda mpaka nyumbani. Sikuwa nimefika kwenye mapikapu, bado nipo Modified nafasi ya sita kwenye pointi. Alisimama mlangoni na buti zake haongei, akaona TV, akavuta ndoo akakaa.

Nilimaliza mbio ile wa 5. Alichosema ni kimoja tu, kwamba mkono wa kushoto naubana sana, niulegeze. Ndo nikatoa kadi kabatini nikamwambia sevu yako hii hapa. Alikuwa anajua ilishapotea siku nyingi. Ikafunguka pale pale, pikapu lake la bluu, hela yake yote ipo, mbio inayofuata inamsubiri. Akashika pedi, mbio ya kwanza akawa wa 17, kona zote anazikata kwa upana kama anageuza semi, ya pili akawa wa 10. Mama akampelekea ugali pale pale chini.

Saa kumi alfajiri akaondoka kurudi Nala. Kadi kaniachia, ila kaandika jina lake juu kwa kalamu ya wino, na la kwangu chini yake.